Kabati Kibogoyo

Vidole vya Orpha Teter vilikuwa vimepasuka kwenye viungo kama udongo wa kiangazi, lakini si kwa jua. Ilikuwa sabuni na dawa ya kufulia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee pale bondeni, akiingia saa kumi na moja alfajiri na kutoka saa saba na nusu mchana. Alipofika nyumbani alivua viatu kabla ya kuvua koti, akaketi kwenye kiti cha marehemu baba yake, akalitazama kabati.

Lilikuwa kabati la mti wa cheri, refu kuliko mtu, na mlango wake ulikuwa wa kioo. Ndani yake baba yake alikuwa amechonga vituo sita vya kuegemezea mitutu ya bunduki, akavivisha kitambaa cha kijani ili chuma kisichubuke. Vituo sita, na vyote vilikuwa wazi. Twyla, mwenzake wa kufua, alipoliona mara ya kwanza aliangua kicheko. "Mama wee, kabati lako kibogoyo!" Jina likashika.

Harmon Teter alipofariki, wanawe walifanya vilevile kama ilivyofanywa alipokufa babu. Walizitoa bunduki sita kabatini wakazilaza kitandani mwake juu ya mfarishi, kisha watoto wakachagua kwa zamu kuanzia mkubwa. Denzil moja, Garland moja, Denzil tena, Garland tena, hadi kitanda kikabaki na mfarishi peke yake. Orpha, kitinda mimba, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mikate ya nyama ya nguruwe. Yeye ndiye aliyemlisha mzee kwa kijiko kwa miaka mitatu, akamgeuza kitandani usiku na mchana ili asitoke vidonda. Hakuna aliyesema kwamba zamu isimfikie. Ilimruka tu, kama mtu anavyoruka kidimbwi cha maji bila kukitazama.

"Na kabati je?" aliuliza Garland, ambaye alikuwa anarudi Ohio jioni ile.

"Halitaingia garini," alisema Denzil. Aliitikisa droo ya chini, ambayo ilikuwa imefungwa na ufunguo wake haukuonekana. Kitu kikanguruma ndani. "Takataka za Baba. Chukua wewe, Orpha. Kabati na vilivyomo. Utawekea mashuka, si ndiyo kazi yako?"

Wakacheka. Hata yeye alicheka, kwa sababu alikuwa amechoka, na kucheka kulimalizika haraka kuliko kubishana.

Hayo yalikuwa yametokea miaka minne nyuma. Tangu hapo, kila Novemba ilimbidi apande kilima cha pili, kwa Denzil, kuazima bunduki ya baba yao ya kuwindia kulungu. Watu wa huko waliiita kwa ukubwa wa risasi yake tu, thelathini na tano, na ndiyo Denzil aliyoichagua kwanza siku ile ya kitandani. Hakumpa mpaka yeye mwenyewe awe ameua, na hakumpa mpaka aombe. Novemba iliyopita ilikuwa hivi: Denzil ameketi mezani, mkewe Noreen anamimina kahawa, na Orpha amesimama na theluji miguuni.

"Umekuja kwa kahawa au umekuja kwa jambo?"

"Kwa jambo."

"Haya, tulisikie."

"Ile thelathini na tano, kaka."

"Imefanya nini?"

"Denzil, mwache mwenzio," alisema Noreen.

"Simzuii kitu. Nataka nisikie tu, masikio yangu yamezeeka."

"Naomba uniazime bunduki."

"Enhe! Umeona, Noreen? Kaomba na hajafa."

Akampa bunduki na risasi tatu, akizihesabu juu ya meza kama mtu anayegawa dawa. "Tatu zinamtosha anayejua. Asiyejua, hata boksi zima halitamtosha." Hiyo ilikuwa wiki ya pili ya msimu. Kulungu walikuwa wameshasikia milio ya siku kumi na kupanda juu kwenye vichaka vya miiba, mahali asipoingia mtu mwenye magoti ya miaka hamsini na saba. Orpha aliketi msituni siku nne, kila siku baada ya kazi, hadi giza. Hakuona hata mkia. Krismasi alikula maharage na mkate wa mahindi, na Januari vivyo hivyo. Siku moja ya Januari aliufungua mlango wa friza, akaona barafu na mfuko mmoja wa njegere. Akauchomoa waya ukutani. Hakukuwa na haja ya kulipia umeme wa kugandisha hewa.

Akiwa ameinama pale, waya ukiwa mkononi, aliamua kwamba Jumatatu ya kwanza ya msimu ujao, ile siku ambayo shule za wilaya nzima hufungwa na makanisa huuza supu, ataingia msitu wa nyuma ya nyumba yake na bunduki yake mwenyewe. Hataomba tena. Hakuapa wala hakulia. Alichoka tu kupanda kile kilima.

Kiinua mgongo hakuwa nacho, na mshahara wa kufua kila mtu anaujua. Akaenda kwa Lonnie Sponaugle, aliyeuza misumari, chakula cha kuku na, kwenye ukuta wa nyuma, bunduki mpya na kuukuu. Lonnie alikuwa mnene, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na daima alitafuta ya tatu.

"Nataka kujaza kabati," alisema Orpha.

"Makabati hujazwa na wajinga, dada. Wewe jikoni una sufuria ngapi?"

"Sijazihesabu. Kumi na kitu."

"Unazopikia?"

Orpha akafikiri. "Tatu."

"Basi umejijibu mwenyewe. Ndogo ya ishirini na mbili, ya kindi na ya kulifundisha jicho, maana risasi zake ni rahisi kama karanga. Moja ya marisau, zile risasi za punje ndogo ndogo, ya bata mzinga na ya mbweha anayenyemelea kuku. Na moja ya kulungu. Ukishapata hizo, zilizobaki ni za kupanguswa vumbi."

"Nianze na ya kulungu."

"Anza na ndogo. Halafu usikimbilie bei. Farasi wa bure muulize kwanza anakula nini. Bunduki utainunua mara moja, lakini risasi utainunulia mpaka ufe."

Ile ndogo aliipata kwa Twyla. Mumewe, Vern, alikuwa ameiacha nyuma ya mlango wa bafuni alipohama na mwanamke wa mnadani, na Twyla alikuwa amechoka kuigonga kila anapofunga mlango.

"Unataka ngapi?" aliuliza Orpha.

"Sitaki hela yako, utaanza kula hewa. Nishikie zamu Jumamosi mbili nikalale."

"Mbili?"

"Basi tatu. Ungekaa kimya ungepona."

Akamshikia Jumamosi tatu. Ya tatu aliifanya na homa, akiwa ameegemea mashine ya kukaushia kwa sababu ilikuwa na joto. Ile bunduki iliingiza risasi moja moja, na kitako chake kilifungwa kwa utepe mweusi. Aliisugua kwa mafuta jioni mbili, akaisimamisha kabatini kwenye kituo cha kwanza. Kibogoyo akaota jino.

Ya pili ilikuwa ya marisau, ya mtutu mmoja, ile inayokunjika katikati kama kisu cha mfukoni. Lonnie aliifunga kadi yenye jina la Orpha akaiweka chumba cha nyuma, na Orpha akawa anapitia dukani kila siku ya mshahara kupunguza kidogo, tangu Machi hadi Julai. Siku ya kuichukua, Lonnie alimwekea mkononi risasi moja yenye ganda la njano.

"Unaona rangi hii? Ni za bunduki ya ishirini peke yake, yenye mtutu mwembamba. Watu hununua ya ishirini, kisha wakaona ya kumi na mbili, yenye mtutu mpana zaidi, kwa bei nzuri wakachukua na hiyo. Siku moja wanachoka, wanachanganya mfukoni. Ya njano inateleza ndani ya mtutu mkubwa, inakwama katikati, haionekani. Mtu anadhani hajaingiza kitu, anaweka nyingine nyuma yake. Mtutu unampasukia usoni. Mtu anayechoka na awe na ya marisau moja tu."

"Mimi nachoka kila siku, Lonnie."

"Ndiyo maana nakwambia."

Akabaki na moja. Lakini jambo lililobadilisha mambo lilikuwa limeshatokea kabla ya hapo, mwezi wa Mei, nalo lilitokana na kufua.

Mfuaji hukagua mifuko. Hilo halihitaji kufundishwa mara mbili. Orpha alikuwa ametoa katika mifuko ya wazee meno ya bandia, biskuti, pete za ndoa na, mara moja, chura aliye hai. Ila kwa miaka minne koti la kuwindia la baba yake lilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni na hakuwa amelifua, maana lilikuwa bado na harufu ya tumbaku yake. Mei ile nondo waliliingia. Akalishusha, akalilaza juu ya meza, na mikono yake ikaanza yenyewe: mfuko wa kulia, wa kushoto, wa ndani, na kile kijifuko kidogo cha kifuani cha kuwekea dira. Humo mlikuwa na ufunguo wa shaba, mdogo kama ukucha.

Droo ya kabati ilifunguka kwa kukwaruza. Hapakuwa na takataka. Palikuwa na maboksi saba ya risasi za thelathini na tano, yamepangwa kama matofali, makavu, yamezungushiwa karatasi ya nta. Sita yalikuwa hayajafunguliwa. La saba lilikuwa limepungua nusu, na kwenye kifuniko mzee alikuwa ameandika kwa penseli, mwaka hadi mwaka, kila risasi ilikokwenda. *Mimi, dume, pembe nane, moja. Mimi, jike, mbili, aibu. Denzil, tatu, hakuna.* Chini zaidi, kwa herufi zilezile za kubana: *Orpha, 1979, jike, moja. Hakulia.*

Aliusoma ule mstari akiwa amepiga magoti sakafuni. Alikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule, na kwa kweli alikuwa amelia, ila baadaye, bandani, alipokuwa peke yake. Alikuwa hajui kwamba mzee aliandika. Akarudisha boksi mahali pake, akafunga droo, akautia ufunguo kwenye mnyororo wa shingoni. Hakumwambia mtu. Si kwa ujanja. Kulikuwa na koti la kufua.

Septemba aliiona mwisho wa rafu ya Lonnie, chini kabisa, karibu na ndoo za chumvi ya ng'ombe: thelathini na tano kuukuu, ya kuvuta mbele na nyuma kwa mkono, kitako kimekwaruzwa kana kwamba paka ameishi nacho. Bei yake ilikuwa imekatwa mara tatu kwa kalamu.

"Hiyo sikuuzii," alisema Lonnie.

"Imeharibika?"

"Inapiga kuliko mpya. Ila ni fimbo ya kutembelea, dada. Risasi zake zinatokea kama kupatwa kwa jua. Mwaka wa pili huu sijaona hata boksi moja, si hapa wala kwa wenzangu. Nilikwambia nini habari ya farasi?"

"Ndiyo maana ni rahisi?"

"Ndiyo maana ni rahisi. Rahisi ghali."

"Nipe fomu."

Lonnie alishusha miwani ya kichwani juu ya ile ya puani akamtazama kwa zote mbili. "Orpha Teter. Unaficha nini?"

"Uchovu. Nipe fomu, miguu inaniuma."

Akajaza fomu, Lonnie akapiga simu serikalini kuulizia kama anaruhusiwa kuuziwa, jibu likaja. Jumapili ile Orpha alishuka kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, akabandika sahani tatu za karatasi ukingoni, akalaza mtutu juu ya gunia la mchanga. Bunduki ilimpiga bega lilelile linalobeba mashuka mabichi. Risasi tatu zikaingia sahani moja, zote ndani ya upana wa kiganja. Akaiondoa sahani, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikuwa na nyingine nyingi lakini hakupiga tena. Bega lilikuwa na kazi kesho yake.

Kwa hiyo Jumamosi ya kabla ya msimu ilipofika, kibogoyo alikuwa na meno matatu, na Orpha alikuwa amebadilishana zamu, afanye kazi Alhamisi ya sikukuu ya Shukrani ili apumzike Jumatatu. Alikuwa akisaga kahawa aliposikia pikapu ya Denzil. Alimjua kwa jinsi alivyofunga mlango, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza haukushika.

Denzil aliingia na kofia mkononi. Alikuwa na miaka sitini na nne, na goti lililovunjwa na gogo lilimfanya aingie kila mlango kwa ubavu.

"Wanasema theluji," alisema.

"Wanasema."

"Garland kapiga simu. Mgongo wake."

"Pole yake."

Akasogea mpaka kwenye kabati, akasimama mbele ya kioo. Alikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona bunduki tatu.

"Hiyo ya mwisho ni thelathini na tano."

"Ndiyo."

"Lonnie kakuuzia fimbo."

"Ndivyo alivyoniambia mwenyewe."

"Nimekwenda maduka manne, Orpha. Nimevuka mlima mpaka upande wa pili. Hakuna. Kijana mmoja kaniuliza hiyo ni risasi au ni basi namba ngapi." Alijaribu kucheka. "Lile boksi la Baba lililokuwa juu ya kabati limekwisha. Zako tatu za mwaka jana ndizo zilizokuwa za mwisho."

"Nilikurudishia zote tatu. Sikupiga hata moja."

"Nilizipiga mimi. Kwenye chupa." Akageuka. "Noreen anakumbuka Baba akiweka maboksi kwenye hiyo droo."

Orpha alimimina kahawa kikombe kimoja, akaanza kuinywa yeye.

"Noreen ana kumbukumbu nzuri," alisema.

"Basi zimo! Umekaa nazo kimya! Risasi zinafuata bunduki, bwana wewe, kama ndama na mama yake. Za Baba ni za bunduki ya Baba."

"Ulisema kabati na vilivyomo."

"Sikujua vilivyomo!"

"Ungejua ungesema?"

Orpha alimtazama yule mzee aliyekuwa kaka yake, kola imeoza kwa jasho, goti limeelekea pembeni, na alihisi ule wepesi anaoujua tangu utotoni, wa kutoa. Lilikuwa jambo rahisi kuliko yote: kugeuza ufunguo, kumpa maboksi sita, kubaki na nusu, na kesho asubuhi mambo yawe shwari kama jana. Angemsaidia hata kubeba. Halafu Novemba moja, mbili, nusu boksi lingekwisha, naye angevaa viatu akapanda kilima.

"Denzil," alisema. "Umekuja kwa kahawa au umekuja kwa jambo?"

Ilimchukua Denzil muda kuisikia sauti yake mwenyewe ndani ya maneno yale. Shingo ikamwiva.

"Usinifanyie hivyo."

"Kahawa ipo."

Akaizungusha kofia mara moja, mara mbili. "Naomba risasi," aliiambia kofia.

Miaka minne Orpha alikuwa amedhani maneno hayo yatakuwa na utamu. Hayakuwa nao. Yalikuwa na ladha ya maji ya kusuuzia, yale ya mwisho, yasiyo na povu wala joto. Alitamani aketi. Badala yake alipiga magoti, akafungua droo, akatoa risasi kwenye lile boksi lililopungua, akazipanga mezani moja moja.

"Tatu?" alisema Denzil.

"Tatu zinamtosha anayejua."

Alimkodolea macho. Kisha pua ikatoa sauti, nusu ya kicheko, nusu ya kikohozi. "Mtoto wa Harmon kabisa wewe," alisema, akazikusanya. Mlangoni alisimama. "Na nikikosa?"

"Utapanda kilima," alisema Orpha.

Jumatatu aliamka kwa mazoea, saa tisa na nusu usiku, na kwa mara ya kwanza mazoea yalimfaa. Kulipoanza kupambazuka alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwenye msonobari, ndani ya koti la baba yake ambalo sasa lilinuka sabuni, na juu yake kizibao cha rangi ya chungwa cha kuonekana na wengine. Theluji ilianguka kidogo kidogo. Milio ya mbali ilianza kama watu wanaogonga milango ya jirani. Orpha aliweka bunduki mapajani, mtutu ukielekea bondeni, akajiambia asifumbe macho.

Akafumba. Mwili uliozoea kelele za mashine huuona ukimya kama mto wa kulalia.

Kilichomwamsha ni mlio kutoka kilima cha Denzil. Aliujua, thelathini na tano hailii kwa ukali, inakohoa. Mmoja. Kimya kidogo. Wa pili. Wa tatu ukaufuata upesi mno, mlio wa mtu aliyekwisha kasirika. Kisha basi. Orpha akaivua glovu ya kulia kwa meno.

Kulungu dume alishuka kandokando ya kijito, akikimbia kisha akitembea, akitazama nyuma alikotoka. Pembe zake zilikuwa saba kwa kuhesabu matawi, upande mmoja nne, upande mwingine tatu. Alisimama hatua arobaini kutoka kwenye ndoo, akapumua, mvuke ukamtoka puani. Orpha aliuona uchovu wake na akautambua. Akaweka kidole, akatoa pumzi nusu, bunduki ikampiga bega. Kulungu akaruka mara moja, akaenda hatua kumi, akaketi chini kama aliyeambiwa karibu, akalala.

Orpha hakuinuka mara moja. Alivuta ganda tupu likatoka, likatoboa shimo dogo thelujini. Akalitafuta, akalitia mfukoni. Kisha akaenda, akaligusa jicho la mnyama kwa ncha ya mtutu, akatoa kisu, akafanya kazi iliyobaki kwa mikono iliyopasuka. Joto la damu lilikuwa kitu cha kwanza cha starehe asubuhi ile.

Alikuwa amekwisha kumfunga kamba na kumvuta hatua ishirini, akisimama kila hatua tano, alipomwona Denzil akishuka kwa ubavu kati ya miti, bunduki ya baba begani. Alimzunguka kulungu polepole, akainama kwa shida, akapapasa ubavu wa kulia, akamgeuza, akapapasa wa kushoto, akatazama shingo, akatazama mapaja. Orpha alimwacha. Alijua anachotafuta: tundu la pili. Kama lingekuwepo, hata mkwaruzo wa damu, mnyama angekuwa wa aliyemjeruhi kwanza, na hakuna mtu milimani ambaye angebisha, hata yeye.

Denzil alijinyoosha, mkono kiunoni.

"Moja," alisema.

"Moja."

"Alikuwa karibu nami kuliko hapo kwako."

"Nilikusikia."

"Miwani ilijaa ukungu."

"Ukungu huwa unajaa."

Akamtazama kuona kama anamcheka. Orpha hakuwa na nguvu za kucheka. Denzil akaishusha bunduki tupu akaivaa mgongoni, akashika pembe moja, ile yenye matawi matatu. Orpha akashika yenye manne. Wakavuta. Ilikuwa mwinuko wote hadi nyuma ya nyumba, na walisimama mara nyingi, wazee wawili wakipumua bila kutazamana. Mara moja Denzil alisema, "Baba angetutukana," na mara moja Orpha alisema, "Angalia jiwe." Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote.

Walipomtundika bandani, Denzil alianza kuondoka. Alikuwa amefika kwenye pikapu.

"Keshokutwa njoo uchukue paja," alisema Orpha. "La nyuma. Noreen analipenda la kuokwa."

"Sijaomba."

"Najua hujaomba."

Alifunga mlango wa gari mara mbili, akaenda zake.

Orpha aliingia ndani. Alivua viatu, akachomeka waya wa friza ukutani, akasubiri mpaka iliponguruma. Akapitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu, kwa sababu bunduki haijali kama mwenyewe amechoka, akaisimamisha kwenye kituo cha tatu. Vitatu vilivyobaki vilikuwa wazi, na alipovitazama havikumwambia kitu. Akafungua droo, akatoa boksi lililopungua, akatafuta penseli, akaketi kwenye kiti cha baba yake na kifuniko mapajani.

*Denzil, tatu, hakuna,* aliandika, chini ya ile nyingine iliyofanana nayo. Akaruka mstari.

*Orpha, dume, pembe saba, moja.* Alifikiri aongeze nini, kama mzee alivyopenda kuongeza. Macho yalikuwa yanajifumba. Akaandika, *Amechoka,* akalala palepale, penseli mkononi na koti mwilini.